Tuwaambie ukweli hawa wanaokuja kutujengea shule

Ndugu Mhariri,

Nakusalimu kutoka Katuba, hapa Lubumbashi. Kuna barua mlichapisha ya msomaji mmoja, alikuwa analaumu hizi timu za wakristo wa kujitolea wanaotoka Marekani na Ulaya kuja kujenga shule kwetu, akasema pesa ya tiketi zao ingetosha kusimamisha shule ingine nzima, na kwamba wanakuja kupiga picha na watoto kisha wanapanda ndege wanaenda zao. Nimeisoma mara mbili, nikampa na bibi yangu akaisoma, na tangu siku ile sijatulia, kwa sababu mimi ni fundi masoni, nimeanza hii kazi mwaka 1998 nikiwa kijana wa kubeba maji, na hizo timu nimetumika nazo mara mbili, yaani nimejenga pamoja nao ukuta mmoja, nimekula nao bukari (ugali) chini ya mwembe mmoja.

Kwa mambo ya tiketi siwezi kumkatalia. Mtu akitoka kwao mpaka Addis Abeba, na Addis mpaka hapa, na viza, na gari la kukodi la kuwapeleka porini kila asubuhi, hiyo ni pesa nzito, hapa kwetu hiyo ni manjanja (mabati) mingi na mifuko ya simenti mingi. Lakini nimeongea nao na nimeelewa kitu: kule kwao kanisa linachanga kwa sababu kuna mtu wao anayeenda, mama fulani wa kwaya, mtoto wa fulani, na yule mtu asipoenda sadaka haifiki hata nusu. Kwa hiyo kusema "watume pesa tu wakae kwao" kwenye karatasi ni rahisi. Mimi shida ninaiona mahali pengine kabisa na ndiyo imenifanya nishike kalamu. Shida ni kwamba sisi wenyeji hatuwaambii hawa watu ukweli. Tunawaona wanakosea, tunatabasamu, tunasema asante Mungu awabariki, kisha ukuta ukipasuka tunasema hao wazungu hawakujua kujenga.

Niwaeleze mara ya kwanza ilivyokuwa.

Ilikuwa upande wa Kipushi, miaka mingi imepita sasa. Kanisa moja (sitalitaja jina) lilikuwa na marafiki wake ng'ambo, wakaja watu kumi na wawili, mwezi wa saba, kwa sababu mwezi ule ni likizo kwao na kwetu ni kiangazi, hakuna mvua, watoto nao hawako shuleni. Kazi ilikuwa kilasi tatu. Matofali tulikuwa tumechoma wenyewe. Wanaojua Katanga wanajua hivi vichuguu vyetu vya mchwa, vingine vinapita urefu wa nyumba, udongo wake unashikana vizuri kuliko udongo mwingine wote, unaukanyaga na maji, unapiga kwenye fomu, unakausha chini ya majani, unapanga tanuru, unachoma. Sasa tofali la namna hiyo likitoka tanuruni lina kiu. Hilo ni neno la kwanza fundi anamfundisha msaidizi wake: usijenge na tofali kavu. Ulitumbukize kwenye pipa la maji mpaka liache kutoa mapovu, hapo ndipo unalipandisha ukutani. Ukiliweka kavu linanyonya maji yote ya mortie (mchanga na simenti vilivyokorogwa), simenti inakosa maji ya kushikia, inabaki unga. Na katika mwezi wa saba na lile jua letu la mchana na upepo wenye vumbi jekundu inaharibika mara mbili, ndiyo maana hata ukuta uliojengwa vizuri lazima umwagiwe maji jioni siku kadhaa.

Wale wageni hawakujua. Wangejulia wapi? Mmoja alikuwa mwalimu, mmoja kazi yake kuuza nyumba, wengine wanafunzi wa chuo. Walikuwa wanachukua tofali kwenye bruweti (toroli) na kukimbia nalo moja kwa moja mpaka ukutani, wanaimba, wamefurahi, mikono imeshatoka malengelenge na hawalalamiki. Mimi niliona. Mafundi sita wote tuliona. Siku ya tatu nilikwaruza katikati ya matofali kwa ukucha, ikatoka vumbi kama unga wa mihogo. Nikamwendea yule aliyekuwa anatusimamia, mtu wa kanisa, akaniambia kwa sauti ya chini: "Papa, bachane tu, banatusaidia, tusibapatishe haya. Nyuma tutatengeneza."

Hiyo "nyuma" haikufika. Pesa iliisha siku ile ile walipoondoka.

Na paa nayo hivyo hivyo. Juu ya ukuta kunatakiwa mkanda wa zege wenye chuma ndani, tunaita shenaji, na kutoka ndani ya ule mkanda unaacha vyuma vinatoka nje vya kufungia mbao za paa. Hiyo inaomba siku zake za kukauka. Lakini timu ilikuwa inataka kuona manjanja juu kabla ya Jumapili ya kuweka wakfu, kwa sababu Jumatatu wanasafiri, na hakuna mtu aliyefungua mdomo kuwaambia kwamba hiyo haiwezekani. Tukapigilia mbao juu ya matofali na misumari. Jumapili watu walicheza, wachungaji walihubiri, nami nilikuwa pale nimevaa shati safi.

Mwezi wa kumi na moja upepo wa mvua za kwanza uliinua paa ya kilasi ya mwisho ukaitupa kwenye shamba la watu. Ilikuwa usiku, namshukuru Mungu mpaka leo kwamba ilikuwa usiku. Nilienda asubuhi. Ubaoni kulikuwa kumeandikwa bado tarehe ya jana yake na hesabu ya kugawanya, maji yalikuwa yanashuka na ile chaki, na mtoto mmoja wa kike alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wake wa vitabu kichwani, ananiangalia kwa sababu alinikumbuka, alikuwa anatuletea maji kiangazi. Hakuniuliza kitu.

Ule upepo haukutoka Marekani, Ndugu Mhariri. Na ule ukuta mimi niliujua tangu siku ya tatu.

Sasa kuna watakaosema basi waache kuja. Hapana, mimi hapo nakataa kabisa. Shule katika hii nchi zimejengwa sana na watu wa dini waliotoka mbali wakakutana na mikono ya watu wa hapa. Frederick Arnot, yule Mskoti, alifika Bunkeya kwa mfalme Msiri mwaka 1886, kabla hata Wabelgiji hawajaikamata Katanga. Mulungwishi, ile shule ya misheni ya Wamethodisti, nani hapa Lubumbashi hana mjomba au shangazi aliyepita pale au aliyefundishwa na mtu aliyepita pale? Serikali ya ukoloni miaka mingi ilikuwa inasaidia kwa pesa shule za misheni ya Wakatoliki, zile za Waprotestanti zilianza kupewa msaada mwaka 1948, kabla ya hapo ni sadaka ya mtu wa mbali na jasho la mtu wa karibu. Mobutu alizichukua shule za makanisa mwaka 1974, ikashindikana, mwaka 1977 serikali ikakaa na makanisa wakatia sahihi mkataba, ndiyo hizi tunaita mpaka leo shule za konvansione. Mtu anayetaka kuondoa wageni wa kanisa katika habari ya shule za Kongo ataondoa na matofali mingi sana.

Na kuna jambo lingine wasomaji wengi hawajasikia, mimi nililisikia kwa mmoja wa hao hao wageni, kisha nikaulizia nikakuta ni kweli. Mmarekani mmoja Millard Fuller, alikuwa tajiri kule Alabama, yeye na mke wake Linda wakaacha utajiri, na mwaka 1973 wakaja kukaa Mbandaka, enzi za Zaire, karibu miaka mitatu, wakijenga nyumba za watu wa kawaida pamoja na kanisa la kule. Mwaka 1976 wakarudi kwao Georgia wakaanzisha Habitat for Humanity, ile ambayo rais wa zamani Jimmy Carter alikuja kuvaa suruali ya kazi na kupiga nyundo ndani yake tangu 1984. Yaani hii desturi ya mkristo kufunga begi na kwenda kujengea watu asiowajua, sehemu yake imepimwa hapa kwetu, kando ya mto Kongo. Na kitu ninachokipenda ni utaratibu wao: mwenye nyumba hakai kivulini kuangalia, anatumika kwenye nyumba yake mwenyewe, na analipa kidogo kidogo bila riba. Hapewi kama mtoto.

Mimi nikisoma Nehemia sura ya tatu ninaona kitu hicho hicho. Ukuta wa Yerusalemu ulijengwa pia na wafua dhahabu na watengeneza manukato, kuna hata baba mmoja amejenga pamoja na binti zake. Hao walikuwa mafundi masoni? Hapana. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba mwalimu wa Marekani hawezi kuweka tofali. Anaweza. Ila Nehemia kabla hajamwambia mtu yeyote neno lolote alizunguka ule ukuta usiku akakagua mahali palipobomoka, na alipowakusanya watu aliwaambia wazi: mnaona hali mbaya tuliyo nayo. Hakuwaambia mambo ni mazuri.

Sasa mara ya pili. Hii ilikuwa mwaka 2022, njia ya Kasenga, timu ndogo, watu tisa tu, kanisa dogo la kijijini kwao Marekani. Kati yao kulikuwa na mzee wa miaka sabini na kitu, maisha yake yote alikuwa akitengeneza matrekta. Mikono yake ilikuwa mikono ya kazi, hilo niliona tangu tuliposalimiana. Siku ya pili alijenga kona peke yake, safu tano, na alijivunia ile kona. Nikapita na kamba yangu ya risasi, ile tunaita filaplo, ya kupima kama ukuta umesimama wima. Nikaining'iniza. Risasi ilikaa mbali na ukuta chini karibu vidole viwili.

Nilisimama pale. Nilikumbuka Kipushi. Nikamwita kijana wetu wa kutafsiri, alisoma Ndola, Zambia, kwa hiyo kiingereza anakijua vizuri, nikamwambia: mwambie mzee hii kona imeinama, lazima ibomolewe leo kabla haijakauka, na matofali yake hayakunywa maji. Kijana akaniangalia. "Papa, nimuambie hivi hivi?" Nikamwambia hivi hivi. Akaanza kusema, na mimi kiingereza changu ni kidogo lakini nilisikia anasema good, good, very good, nikamshika mkono nikamwambia hapana, usiniongezee sukari, sema kile nilichosema. Maana hilo nalo ni ugonjwa wetu, mambo mingi yanafia mdomoni kwa mtafsiri, fundi anasema moto mgeni anasikia maji ya uvuguvugu.

Basi akasema. Yule mzee akatazama ile kamba muda mrefu. Akaisimamisha na kidole isicheze, akapiga magoti akaangalia kutoka chini. Kisha hakusema kitu, akachukua nyundo akaibomoa kona yake mwenyewe, safu tano zote, na kila tofali alikuwa analikwaruza mortie pande zote analiweka pembeni litumike tena. Ilimpeleka mpaka saa sita. Vijana wake walitaka kumsaidia akakataa. Mafundi wenzangu walikuwa wananinong'oneza, mmoja aliniambia leo umetupotezea kazi, kesho watafunga mabegi.

Saa ya chakula mzee alikuja kukaa karibu yangu na Biblia yake ndogo, akamwita kijana, akafungua Amosi sura ya saba, pale Bwana amesimama kando ya ukuta na timazi mkononi. Akaniuliza timazi ndiyo hii yako? Nikasema ndiyo. Akaniomba nimfundishe kuitumia. Kesho yake asubuhi, na asubuhi za mwezi wa saba hapa ni baridi kweli, nilipofika shantie (mahali pa ujenzi) nilikuta wote tisa wamesimama kuzunguka pipa la maji, mikono ndani mpaka kwenye viwiko, wanatumbukiza matofali na kuhesabu mapovu.

Lakini siyo hiyo tu. Jioni ile yule mzee alituita wote, mafundi, walimu, watu wa komite ya shule, akauliza: kuna kitu kingine tunakosea na hamjatuambia? Kulikuwa kimya. Mkurugenzi alisema hapana kila kitu kiko sawa. Mchungaji naye alisema tunamshukuru Mungu. Kisha mama mmoja anayeuza mandazi pale shuleni, hakualikwa hata kwenye mkutano, alikuwa amesimama na beseni lake, akasema: "Batoto beko mia ine na kitu, na mashimo ya choo ni mbili. Babinti bakubwa, ziko siku habakuye ku masomo juu ya hiyo. Munajenga kilasi ya ine, ni muzuri, lakini nani ataikalia?"

Mchungaji alitaka kumnyamazisha. Mzee akasema mwacheni aongee. Na kijana wetu safari hii alitafsiri neno kwa neno, nilimsikia.

Nataka wasomaji waelewe ile hesabu ya mama. Tangu mwezi wa tisa 2019 serikali imeanza kutekeleza shule ya msingi bila malipo, kitu kilichoandikwa kwenye katiba ya 2006, kifungu cha 43, na ni jambo la haki kabisa, mimi mwenyewe watoto wa dada yangu wamerudi shule kwa ajili ya hiyo. Lakini watoto walimiminika na vyumba vilibaki vile vile, mabenchi yale yale, vyoo vile vile. Benchi la watoto wawili unakuta wanne, wa tano amekaa juu ya tofali. Kwa hiyo uhitaji upo, ni wa kweli, hakuna mtu anaudanganyia, ila siyo kila shule uhitaji wake ni chumba kingine chenye kibao cha majina ya waliotoa.

Wale wageni waliongea na kwao usiku ule, kwao bado ilikuwa mchana, na nilivyoelewa haikuwa rahisi, kwa sababu kanisa lao lilikuwa limeahidiwa kilasi nne na picha ya kilasi nne. Asubuhi wakasema: kilasi tatu zenye shenaji, na vyoo, milango sita, ya wasichana mbali na ya wavulana. Shimo tulichimba na vijana wa pale pale kijijini, tukajengea ndani kwa matofali kwa sababu udongo wa pale unabomoka. Mvua za miaka hiyo zote zimepita juu ya ile shule. Nilipita mwezi uliopita nikagonga ukuta kwa ufunguo, unalia vizuri.

Sasa mnaniuliza kwa nini tunanyamaza, nami nitasema ninavyoona, hata kama watu wa kanisa langu watakasirika. Kwanza ni malezi yetu, mgeni hatukanwi, mgeni anapewa kiti na kuku, na sisi tunachanganya kumsahihisha na kumtukana. Lakini mtu akija kukusaidia kuvuna na unamwona anang'oa mihogo michanga, unakaa kimya kwa heshima? Pili ni woga wa pesa. Viongozi wengi wanaona kwamba wakisema neno lisilopendeza mlango utafungwa, mwaka kesho timu itaenda kwa jirani. Na fundi naye anaogopa, mimi niliogopa, nalipwa kwa siku, nina watoto sita, nikisema ukuta mbaya nitaambiwa kesho usirudi. Hiyo naielewa sana. Ila nimeona kwa macho yangu kwamba wale walioambiwa ukweli ndio waliorudi. Yule mzee ananiandikia mpaka leo kwa simu ya mjukuu wake. Wale wa Kipushi hawajui hata kwamba paa iliruka, hakuna mtu aliyewaandikia, wanayo ile picha yao ya Jumapili ukutani na wanaamini watoto wanasoma mle ndani. Hilo linaniuma kuliko hata ile simenti. Watu waliuza vitu vyao kuja kwetu na sisi tumewaacha waishi na uongo.

Na kitu kingine, vijana wetu. Kipushi vijana wa kijiji walisimama kwenye uzio siku zote mbili za wiki ya kwanza nilizowahesabu, wanaangalia mama wa miaka sitini anabeba ndoo. Hakuna aliyewaambia waingie, na wao hawakuingia kwa sababu walifikiri kazi ni ya wazungu. Njia ya Kasenga tuliweka sharti: kila mgeni na kijana mmoja wa hapa, bega kwa bega, na fundi mmoja juu ya kila jozi mbili, yaani watu wanne. Wawili kati ya wale vijana leo wanajenga hapa mjini, mmoja yuko shantie yangu wakati huu ninapoandika, anajua kufunga shenaji kuliko mimi nilivyokuwa kwenye umri wake. Chumba kimoja cha mita nane kwa sita, ukuta wa tofali zima, kinakula matofali karibu elfu nane, hiyo ni kazi ya kufundisha watu wengi ikiwa mtu ameamua kufundisha.

Kwa hiyo yule msomaji wenu namwomba asiwafukuze hawa watu. Na viongozi wa makanisa, hasa nyinyi wachungaji wetu mnaoandikiana nao barua, nawaomba kwa magoti: kabla hawajanunua tiketi, itisheni mkutano shuleni, mmoja tu, na walimu wawepo, na fundi awepo, na mama wanaouza mlangoni wawepo kwa sababu wao wanaona yote, na mtakayosikia mwandike hivyo hivyo, bila sukari. Waambieni siku za simenti kukauka hazifuati ndege. Waambieni mwezi wa tisa watoto wanaingia na choo lazima kiwe kimekauka. Waambieni kama mwalimu hajalipwa miezi, maana kilasi nzuri bila mwalimu ni ghala. Na kama wanachotaka kujenga hakihitajiki, mseme hakihitajiki.

Sisi hapa mtaani tumeanza. Kuna timu ingine inatarajiwa mwezi wa saba, kwa shule moja nje ya mji, na mkutano tumeshafanya chini ya mti, ulichukua saa tatu na watu waligombana kidogo, lakini ukaisha na karatasi. Juu kabisa tumeandika paa ya zamani itengenezwe kabla ya kuongeza chumba kipya, maana inavuja juu ya kilasi ya kwanza ambayo ina watoto wengi kuliko zote. Chini yake tumeandika tunaomba wakae wiki tatu badala ya mbili. Kijana aliyesoma Ndola ameitafsiri, nikamwomba anisomee tena kwa Kiswahili kila mstari nisikie kama amebadilisha, hakubadilisha. Imetumwa siku tisa zilizopita. Bado hawajajibu. Matofali tumeshaanza kupiga, kichuguu ni kile kikubwa nyuma ya shule, na tanuru la kwanza tutaliwasha Jumamosi.

Ni mimi msomaji wenu,
fundi masoni, Katuba, Lubumbashi